Hiari ya Wageni

Ukiwasikia kina mama wa Dorkas, kikundi cha wanawake wa kanisa letu, wakiimba njiani Sabato alasiri hapa Kendu Bay, ujue kuna mgonjwa anakwenda kuombewa. Wataingia chumbani wote, wazunguke kitanda, wamwekee mikono kichwani, na hawatatoka mpaka wimbo umalizike na beti zake zote. Siku hiyo walikuwa wanakuja kwangu.

Joyline, binti yangu wa pekee, alikuwa ametoka Kisumu juzi kutiwa dawa za saratani ya damu. Daktari hakunizungusha. Alisema dawa zimeangusha kinga ya mwili wake, na mafua ambayo wewe na mimi tunayatembeza sokoni yanaweza kumuua. Nikanunua pakiti ya barakoa, nikaiweka juu ya kigoda kando ya mlango.

Na si kwamba watu hawakuambiwa. Redio ilitangaza wiki nzima: kuvaa barakoa ni hiari, ila mwenye kikohozi au anayemtembelea mgonjwa anashauriwa avae. Watu wetu walisikia mpaka kwenye "hiari", wakazima redio. Husemwa sikio la kufa halisikii dawa. Hapa sikio lilikuwa lao, kifo cha mwanangu.

Mbele alikuwa Priscah, kiongozi wao, rafiki yangu tangu tulipoolewa huku. Alikohoa getini. Akakohoa tena akiinama kupita chini ya kamba ya nguo.

"Min Joyline," akaniita kama mama wa mtoto, "karibisha wageni."

"Karibuni sana. Chukueni maski hapo kwanza."

Walitazamana. Dorah, aliye mdogo kuliko wote, alinyoosha mkono kwenye pakiti. Priscah akamgeukia, na mkono ukarudi ulikotoka.

"Kwani hukuskia serikali?" Priscah akaniuliza. "Hiyo kitu ni hiari. Hakuna mtu analazimishwa."

"Kwa soko ni hiari. Kwa hii mlango utavaa."

"Sisi tumekuja na Nyasaye, Mungu wetu, na wewe unatuona kama ugonjwa?"

"Nyasaye hakohoi, Priscah. Wewe ndio unakohoa."

Mmoja alicheka, akajifanya anasafisha koo. Priscah hakucheka. Alifumba macho, akaanza kuomba palepale uani kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, akimsihi Mungu aniondolee roho ya woga na ya kiburi. Wenzake wakaitikia amina. Mimi nilisimama mlangoni. Mtu anakataa kufunika mdomo kwa muda wa wimbo mmoja, halafu mwenye kiburi ni mimi!

Ndipo nikasikia sauti ya Joyline kutoka ndani, nyembamba, imekauka.

"Mama, waache tu waingie. Ni aibu."

Hapo ndipo nilipoungua kabisa. Mtoto hawezi kuinua kikombe cha uji, na bado anawaonea aibu watu wazima walio na mapafu mazima. Priscah naye alimsikia. Akaja moja kwa moja, akashika mwimo wa mlango kana kwamba ameruhusiwa na mwenye nyumba.

"Umeskia mtoto. Toka hapo."

"Sitoki."

Aliuondoa mkono polepole.

"Sawa, Caren. Lakini siku utatuita kwa matanga, usishangae ukikosa wa kupika, ukikosa wa kuimba, ukikosa wa kubeba jeneza. Utazika peke yako."

Kwetu hakuna neno zito kuliko hilo. Hata watu waliokatana mapanga kwa ajili ya mpaka wa shamba hukutana kaburini. Dorah alijishika mdomo. Nilimtazama Priscah, mwanamke aliyempokea Joyline mikononi siku alipozaliwa, na sikupata ndani yangu hata chembe ya kumwogopa.

"Hiyo matanga unaniahidi, Priscah, ndiyo nimeifungia mlango."

Nikaufunga.