Kasha la Landrova

Fundi Rugaibula wa Nshamba hakuwa na randa ndefu. Hakuwa na jiliwa, wala gundi ya dukani, wala msasa mpya tangu bidhaa zilipoadimika. Hakuwa na mbao kavu. Zaidi ya yote, hakuwa na ulimi wa kusema, "Hii siiwezi."

Kwa hiyo Bwana Shamba Mushumbusi alipomtaka atengeneze kasha la kukaa katikati ya viti vya mbele vya Landrova ya kazi, alikubali papo hapo. Kasha lilitakiwa likalie kigongo cha giaboksi, liwe na nafasi ya ramani, tochi na chupa ya chai, wala lisizuie gia. Rugaibula alipima kigongo kwa boksi la sabuni, akilikata kidogo kidogo mpaka likakaa sawasawa. Dereva Hamidi, mtu wa Bukoba mjini, alikuwa akiisogeza gia mbele na nyuma ili waone mkono unapopita.

"Na mbao, mzee?" Hamidi aliuliza.

"Mvule wa msitu wa Minziro. Umekauka miaka mingi."

Umekauka kweli, ila haukutoka Minziro. Ulikuwa obwato, mtumbwi wa marehemu baba yake, ambamo ukoo mzima ulikamulia ndizi na kuchachusha rubisi. Mhaya hapasui obwato wa baba yake. Rugaibula aliupasua akiwa amefunga mlango, akapiga randa, akapaka nta, akanusa. Ulinukia nta tupu.

Kasha lilisifiwa mpaka Kibeta, huko Bukoba. Lakini giaboksi ikipata moto hupasha kila kilicho juu yake, na kwenye milima ya Muleba zile mbao zilianza kutoa jasho la sherehe za miaka yote. Bwana Mushumbusi alikuwa Mlutheri, mlokole asiyekaa hata harusini penye pombe. Siku aliyowapeleka wageni wa wizara kukagua kijiji cha ujamaa, mgeni mmoja alicheka: "Bwana Shamba, tumepanda gari au tumeingia kilabuni?"

Kasha likafunguliwa. Ndani, ramani na chai. Basi aliyebaki wa kushukiwa ni dereva. Hamidi, Mwislamu asiyejua hata ladha ya rubisi, akasimamishwa kazi, akingoja kamati imfukuze.

Alikuja Nshamba. Privatus, fundi baiskeli wa jirani, alimwona kwanza.

"Karibu, shehe wa rubisi! Siku hizi futari mnaipatia kibuyuni?"

Watu wakacheka. Rugaibula naye akacheka.

Hamidi alimgeukia Rugaibula. "Mzee, umekaa nami garini siku zote zile za kupima. Uliwahi kusikia pombe kinywani mwangu? Niandikie hilo tu, kamati isome."

Rugaibula aliokota kipande cha ubao, akakigeuzageuza kama anayetafuta ufa.

"Mambo ya madereva, mwanangu, mimi nitayajuaje?"

Hamidi akamshukuru. Akamshukuru! Kisha akaenda zake.

Jioni mkewe, Kokwijuka, alimwekea matoke, naye hakukaa.

"Ulivyomjibu mtoto wa watu nimesikia."

"Nikisema, ukoo utajua nimepasua obwato."

"Na wajue, waitu, mume wangu. Watakutoza mbuzi, watakusema mpaka wachoke. Yule anafukuzwa kazi."

Matoke yakapoa. Rugaibula, aliyejifunza kuandika ukubwani katika kisomo cha watu wazima na kujivunia mwandiko wake, akachukua kalamu. Aliandika kwamba huenda ubao ulikuwa na unyevu, akachana karatasi. Akaanza tena:

"Ndugu Mushumbusi, harufu ni ya kasha. Nilipasua obwato wa baba yangu nikawadanganya kuwa ni mvule wa Minziro. Hamidi hanywi. Nililijua hilo aliposimama mbele yangu kuniomba, nami nikamkana."

Hakuisoma mara ya pili, maana alijijua: angeipamba.

Asubuhi, basi la Bukoba lilipopiga honi, alipita mbele ya Privatus akiwa ameishika bahasha.

"Fundi, unamwandikia nani?"

"Bwana Shamba."

"Kuhusu yule mlevi?"

"Si mlevi," Rugaibula alisema, na uso ukamwaka moto mbele ya watu wote. "Mbao zangu ndizo zinazonuka."

Akalamba ukingo wa bahasha, akaukandamiza kwa kidole gumba mpaka ukashika, akampa utingo. Basi likaondoka.