Rupia Nje ya Kasha

Abdulswamad wa Bigwa hakuogopa nyoka wala wakwe, lakini asubuhi ile aliliogopa koleo alilolishika mwenyewe. Mbele yake, juu ya meza ya jikoni, ilikuwa rupia ya fedha ya enzi za Mjerumani, imefungwa ndani ya kasha gumu la plastiki. Kampuni moja ya ng'ambo ndiyo iliyoipima, ikaipa daraja la juu na kuifungia humo. Kwa rupia hiyo mkusanyo wake ulishika nafasi ya kwanza kwenye orodha ya mtandaoni ya wakusanyaji wa dunia nzima. Hapa Bigwa walimwona mwehu wa vichuma; huko alikuwa mtu.

Sasa wenye orodha, ambao ni kampuni nyingine, wamebadili sharti: sarafu isiyo ndani ya kasha lao wenyewe inaondolewa mwisho wa mwezi. Mwenye nguvu mpishe! Ilibidi avunje kasha, aitume rupia ikapimwe upya. Mkwaruzo mmoja tu, kwisha habari yake.

Akabana. Plastiki ikalia kwaa! Rupia ikatoka nzima, na ule weusi wake wa miaka mingi ambao wapimaji huuthamini kuliko mng'ao. Alimshukuru Mungu, akakimbilia chumbani kutafuta pamba ya kuifungia.

Aliporudi, alikuta ana mgeni. Mama yake mkubwa, Mwanahawa, alikuwa ameingia jikoni, katoka Matombo na kapu lake la ndizi. Rupia ilikuwa mali ya ukoo, na yeye ndiye aliyempa aitunze. Kila mwali wa ukoo wao akitolewa ndani alikofundwa, huogeshwa kwa maji yaliyotiwa rupia hiyo. Abdulswamad alikuwa akimpiga chenga kila mara alipoiomba, maana kuitoa ni kuvunja kasha.

"Shikamoo, mama mkubwa," alisema, pamba ingali mkononi.

Mama mkubwa alikuwa akiisugua rupia kwa majivu na kipande cha limau, nayo ilishaanza kumeremeta. Sarafu iliyosuguliwa hakuna kampuni inayoipa daraja.

"Marahaba, mwanangu. Ilikuwa nyeusi kama chungu! Ningemwogeshaje mjukuu wangu Shamsia akitolewa?" Akavitazama vipande vya kasha mezani, machozi yakamlenga. "Nami nilikuwa nikisema umetutupa. Kumbe umevunja mwenyewe, kwa ajili ya mtoto. Mungu akuzidishie."

Hofu nyingine ikamshika, kubwa kuliko ile ya mkwaruzo: mama mkubwa asije akamtazama usoni akajua kasha lilivunjwa kwa nini. Aliinamisha kichwa, akaitikia, "Amina."