Garcia Saba Kiwanjani Changamwe

Ruwa, kuli wa bandari ya Kipevu na kapteni wa timu ya makuli, alikuwa akimtaka Kafedha. Bahati mbaya, babake Kafedha, Mzee Lewa, ndiye aliyekuwa mlezi wa timu, naye alishamwambia mbele za watu: "Mkifungwa na mabaharia, binti yangu usimtaje tena."

Jumamosi ile ya mwaka wa sitini, mabaharia wa meli ya Kihispania wakafika kiwanjani Changamwe. Refa akawauliza majina. Garcia. Garcia. Garcia tena. Saba wazima!

Mzee Lewa akashika kichwa. "Ala! Hawa mbari moja! Mkimvunja mmoja, mbari nzima itakuja kwangu kudai fidia. Asiguswe Garcia!"

Nani abishane na babake Kafedha? Makuli wakacheza kama wageni wanaopishana mlangoni: pita wewe, la, tangulia wewe. Kufika mapumziko wameshachapwa manne, na Ruwa anatamani ardhi ipasuke immeze.

Yakaletwa madafu. Garcia mmoja akampokonya mwenzake dafu, mwenzake akamzaba kofi la haja. Mzee Lewa akaruka. "Ndugu wapigana mbele za watu?"

Mpishi wa meli, mzoefu wa bandari mwenye Kiswahili cha kuungaunga, naye Garcia vilevile, alicheka mpaka akapaliwa. "Ndugu? Huyu mimi hapana jua! Kwetu Garcia iko kila mahali. Iko Garcia askofu. Iko Garcia jenerali. Iko Garcia mwimbaji, kila siku redioni. Na iko Garcia mwizi, ametoroka jela mara mbili. Huyo ndiye mashuhuri kabisa!"

"Askofu na mwizi, jina moja, na hawajuani?" akauliza mzee. "Na Garcia akimtaka binti Garcia?"

"Anaoa tu."

"Salaale!" Mzee akatema mate chini, akawageukia vijana wake. "Hawa si mbari, hawana mwenyewe wa kudai fidia. Haya, chezeni!"

Jamani, kilichofuata! Garcia wa ndevu aliishia michongomani, Garcia mwembamba akapoteza kiatu na hamu ya kukitafuta. Likaingia la kwanza, likaingia la pili, Ruwa akatia la tatu kwa kichwa. Akaukumbatia mpira, akaukimbiza katikati, na filimbi ya mwisho ikalia. Manne kwa matatu. Wamefungwa.

Mzee Lewa akamjia, fimbo kwapani. "Nilisemaje mimi?"

Ruwa alimwogopa mzee yule, usicheze. Lakini alimpenda Kafedha zaidi ya alivyomwogopa babake, basi akajikaza.

"Mzee, kipindi cha kwanza tulicheza mpira wako, tukafungwa manne bila. Cha pili tukacheza wangu, tukashinda matatu bila."

Mzee akahesabu kwa vidole, akaanza upya.

"Kweli, mzee," akadakia mpishi.

"Nyamaza wewe, usiye na ndugu!" Kisha akamsogelea Ruwa, akanong'ona: "Wazee wako waje Jumapili. Na mtu asiniulize habari ya mpira."