Ukoka wa Kinyozi

Baba alikuwa kinyozi, na ukoka wa mbele ya nyumba yetu aliutunza kama kichwa cha mteja wake wa kudumu. Jumapili asubuhi, jua likiwa bado pole, alitoa mashine ya kukatia nyasi, akanoa visu vyake, akaisukuma taratibu kutoka barazani hadi ukutani. Alipunguza ncha tu. "Mtu akikuomba umpunguze, usimnyoe upara," alituambia mimi na kaka, tukimfuata nyuma na reki.

Kila msimu ulikuwa na kazi yake. Mvua zikianza, alitandaza samadi iliyooza vizuri. Wakati wa joto alimwagilia alfajiri, maji mengi lakini mara chache, ili mizizi iyatafute chini. Baridi ikikaribia aliacha majani yarefuke kidogo, na yakishageuka rangi ya mkeka mkuukuu, alitukataza hata kucheza juu yake. "Umelala. Uacheni upumzike."

Mama hakushika reki hata siku moja, ila ukoka ule ulikuwa sebule yake. Hapo ndipo alipochambua mchele na kupiga soga na shoga yake, fundi cherehani wa nyumba ya pili. Kisha kuku wa fundi wakaja kufukua kipande kilichopandwa upya. Mama akatoa maneno makali, fundi naye akajibu, na tangu siku hiyo wakanuniana. Miaka ikapita, salamu hakuna. Baba hakuingilia. Lakini mara kwa mara nilimwona akimpitishia fundi juu ya ukuta kifurushi cha ukoka wenye mizizi, huku akipiga mluzi kama mtu asiye na habari.

Baba alifariki mvua zilipokuwa zinaisha. Baridi ilipoingia, majani yakakauka, na mama akayatazama kutoka barazani. "Na wenyewe umemfuata," alisema.

Kaka, dereva wa lori, alikuwa nyumbani likizo. Maneno yale yalimchoma. Siku iliyofuata nilirudi kutoka kazini nikakuta ameukata ukoka hadi udongo ukaonekana, kisha akamwaga mfuko mzima wa mbolea ya dukani, akidhani anauamsha. Mvua ziliporudi, viwanja vya wenzetu vilirudisha rangi. Chetu kiliota magugu ya ndago tu.

"Nimeuua," kaka alisema aliporudi tena kutoka safarini. "Mama anajua?"

"Ana macho."

Alishika kiuno, akiutazama udongo. Ndipo nikamwambia upo ukoka mwingine wa baba, nyumba ya pili.

Tulimkuta fundi kwenye cherehani, mlango wazi, na mbele yake kijani kitupu. Tukamwamkia. "Marahaba," alijibu. "Leo mmepotea njia?"

Kaka alieleza yote bila kujitetea. Fundi akaondoa mguu kwenye pedali. "Mama yenu ndiye aliyewatuma?"

"Hapana, mama. Tumekuja wenyewe."

Alikata uzi, akakunja kitambaa polepole. "Basi nitauleta mimi. Nikifukuzwa, nimefukuzwa."

Jioni alipiga hodi, beseni la ukoka kiunoni. Mama alimtazama kitambo. "Karibu," alisema hatimaye. "Kuku umewaacha nyumbani?"

"Kuku walikwisha zamani. Nilibaki na maneno yako."

Mama aliinamisha kichwa. "Huo ukoka ni wa nani?"

"Wa mume wako. Alikuwa akinipa kidogo kidogo. Kila mara aliniambia wewe ndiye uliyemtuma."

"Sikumtuma."

"Nilijua. Ila nilipenda kuamini."

Mama alivua kandambili, akashuka ngazi, akapiga magoti kwenye udongo. Mimi na kaka tulikuwa tumeng'oa ndago na kutifua ardhi. Wao wakapanda kwa mistari, wakifukia mashina na kuacha ncha nje. Wakaanza kumkumbuka baba: siku alipomnyoa marehemu mume wa fundi upande mmoja tu, kwa sababu redio ilikuwa inatangaza mpira na bao likaingia. Mama alicheka mpaka akajifuta machozi kwa mkono wenye udongo.

Mvua zile zilitusaidia. Ukoka ulitambaa, mistari ikaungana, na kabla ya baridi nikauacha urefuke kama nilivyofundishwa. Sasa mashine naisukuma mimi. Kaka akipiga simu kutoka safarini, huuliza habari za ukoka kabla ya kuuliza zetu, na mama hujifanya amekasirika.

Alasiri fundi huja na nguo zinazosubiri vifungo. Mama husogea mkekani kumpa nafasi. Siku nyingine humtaja baba, siku nyingine wanashona tu, mmoja akimtungia mwenzake uzi kwenye sindano, maana macho ya wote wawili yameanza kuchoka.