Mpaka Mvua Ikatike

Saa sita na nusu mchana mvua ilianza kuchanganyika na theluji. Tahseen aliiona kwenye kompyuta: chembe nyeupe zilizokuwa zikielea ziliingiliwa na michirizi iliyonyooka, na kipimajoto kando ya picha kilisoma nyuzi moja chini ya sifuri.

Yeye alikuwa ghorofani, Kibokoni, Mombasa, nyuma ya madirisha ya mbao yaliyofungwa ili jua lisiifute picha. Feni ilizungusha joto lile lile. Ua aliokuwa akiutazama ulikuwa Kanada, mbele ya makao ya wazee, na huko kulikuwa hakujapambazuka. Ndiyo maana ami yake Adamji, mwenye kampuni ya kuondoa theluji, alimpa kazi hii: yeye akilala, Mombasa iko macho. Tahseen huamua wakati; dereva hushusha bamba la chuma lililo mbele ya lori na kukwangua.

Saa nane, kwa saa za Mombasa, gari la hospitali lingekuja kuwachukua wazee watatu wa kusafishwa damu. Mmoja wao alikuwa amekwisha kukosa zamu moja wiki iliyopita.

Alikosa kwa sababu ya Tahseen. Katika nyumba aliyolelewa, paa la sakafu, lililo bapa, hufagiwa kabla mvua haijashuka, mifereji isije ikaziba. Mama yake hakuruhusu kungoja tone la kwanza. Kwa akili hiyo hiyo, wiki iliyopita aliamuru theluji iondolewe mapema. Mvua ikaangukia lami tupu, ikaganda, ikawa kioo, na muuguzi aliyekuwa akimsukuma mzee huyo akateleza, akavunjika mkono. Theluji ingeachwa, ingeyanywa yale maji. Lakini theluji iliyokunywa maji, baridi ikirudi, hugeuka jabali lisilokwanguka. Baina ya mawili hayo palikuwa na upenyo, nao haukuwa mpana.

"Dada, nishushe?" Sammy aliuliza kwenye simu. Alikuwa mtu wa Mazeras, aliyeendesha matrela Shimanzi kabla ya kuhamia Kanada. Sasa alikuwa ndani ya lori, pale uani.

"Bado."

"Wa mtaa wa pili washaanza. Mimi nimekalishwa kama bibi harusi."

"Basi tulia, usikunje nguo."

Sammy alicheka. "Na wewe theluji umeiona wapi, kwenye friji?"

"Kwenye friji, na nimeikwangua kwa kisu. Bado, Sammy."

Mlango ulifunguliwa. Alikuwa Bi Razia, mama mkwe wake.

"Tahseen, sinia limewekwa. Watu wamekaa."

Nyumba hiyo ilikula sinia moja, na hakuna aliyeonja chumvi ya kufungulia mlo kabla wote hawajalizunguka.

"Naomba mtangulie, mama."

"Tutangulie vipi, na pahala pako pako wazi?"

"Nangoja mvua ikatike."

Bi Razia aliutazama ufa wa dirisha uliokuwa ukiwaka jua. "Mvua gani?" aliuliza, akashuka bila kungoja jibu.

Neno moja lingemfungulia Tahseen: bamba lishuke, naye ashuke ngazi akale. Alilipima neno hilo kama mtu apimaye sarafu mbovu. Wiki iliyopita hakuongozwa na mazoea ya paa peke yake. Alishindwa kukaa na jambo lisilotendwa. Kutenda kulimwondolea uzito. Uzito ukamwangukia mwingine.

Alikaa. Jasho lilimtiririka mgongoni. Kipimajoto kilifika sifuri, kikapanda nyuzi moja. Chini hakukusikika hata kijiko.

"Bi Tahseen, inakuwa uji," alisema Sammy. Hakuwa akitania tena.

"Matone yapo kwenye kioo cha lori?"

"Yapo."

"Bado."

Michirizi ilikonda. Kipimajoto kilirudi sifuri.

"Zima waipa, uniambie."

Kwenye simu, mkwaruzo wa waipa ulikoma.

"Hakuna tone jipya. Kioo kimetulia."

"Shusha."

Bamba liliusukuma uji mzito hadi ukingoni, na nyuma yake lami ikabaki nyeusi. Sammy alirudi akimwaga chumvi na mchanga. Gari la hospitali liliingia saa nane kasoro dakika tano. Mlango wa makao ulifunguka, muuguzi mwingine akatokea akisukuma kiti cha magurudumu. Alisimama kizingitini, akaikanyaga lami kwa ncha ya kiatu, akaukandamiza mguu, kisha akakisukuma kiti nje.