Nilivyomfuta Kibii kwenye Ubao

Kila Jumapili alasiri mashabiki wa Formula, zile mbio za magari, hujaa kwa hoteli ninayopika chai hapa mtaa wa Free Area. Muturi, fundi wa bodi za magari, ndiye alileta tivi na ubao wenye majina ya madereva. Resi ikiisha wanapiga kura na dereva mmoja anafutwa, yaani hana maisha mbele. Akishafutwa hatajwi tena mpaka msimu uishe. Kura zikifungana, mpishi anaamua. Mpishi ni mimi, na hazikuwa zimewahi kufungana.

Mwaka huu walikuwa wanafuata ile Formula ndogo ya ng'ambo, ya vijana wanaotafuta kupanda kwa ile kubwa, kwa sababu mle kulikuwa na Mkenya, Kibii. Walimjua kwa helmeti tu. Hawakujua kwamba Jepkorir, yule mama anayeniletea maziwa, ndiye aliyemzaa.

Mimi nilijua. Jumapili hiyo asubuhi aliniambia, "Wamuyu, kijana ananiuliza aendelee ama arudi. Timu inataka jibu kufikia Ijumaa. Mimi haya magari siyaelewi. Nitakaa hapo kwa kona nisikie wenye kujua wanasema nini. Usiwaambie mimi ni nani."

Akakaa, debe la maziwa katikati ya miguu. Resi ikaisha, Kibii akiwa wa kumi na sita.

"Gari ni takataka!" Muturi akasema. "Angalia hiyo pua, imelala kama karai limekanyagwa. Nyuma hakuna kitu inaikandamiza chini. Tairi zitakosa kuisha aje?"

"Wacha hadithi ya karai," Jamleck akamjibu. Jamleck hufundisha watu kuendesha gari. "Mwenzake wa timu amekuwa wa saba. Ama pua yake ni ya dhahabu?"

"Mwenzake amepewa sakafu mpya ya gari, boss! Huoni hapo pembeni imekatwa tofauti?"

"Wewe kazi yako ni kugonga bodi, kwa hivyo kila kitu kwako ni bodi. Dereva ni dereva, hata umpe tuktuk."

"Wanafunzi wako wanashindwa kurudisha gari nyuma, na unatufundisha Formula!"

Watu wakacheka mpaka chai ikamwagika. Kisha wakapiga kura: Kibii afutwe ama abaki. Nne kwa nne. Wote wakanigeukia.

"Haya, darasa la nane," Jamleck akasema. Hilo ndilo jina alilonipa siku nilipomwambia niliishia hapo. "Leo ni wewe mwalimu. Tuambie."

Mimi huangalia resi nikiwa nimesimama, birika mkononi, na sisemi kitu. Resi tano nilikuwa nimemtazama Kibii peke yake. Raundi za kwanza alikuwa anapita watu watatu, wanne. Kwa kila kona kali alikanyaga breki baada ya wengine wote, na gari haikutoka kwa laini yake. Baadaye tairi za nyuma zilikwisha, gari ikaanza kuteleza, na wote wakampita. Hata hivyo hakugonga mtu hata mara moja. Dereva mbaya hawezi hivyo. Nilijua. Mama yake alikuwa pale, ananitazama.

Lakini hakuna siku walikuwa wameniuliza kitu zaidi ya sukari. Nilitaka wacheke kwa sababu yangu, mara moja tu.

"Huyo mfute," nikasema. "Arudi nyumbani achunge ng'ombe."

Walicheka sana. Jamleck alinigongea kiganja kama mwanaume mwenzake. Nilipogeuka, Jepkorir alikuwa ameenda. Debe lake alikuwa ameliacha.

Jumatatu niliosha lile debe na maji moto nikampelekea kwake. Njiani nilipanga nitakavyomwambia. Alinipokea kwa lango na mikono miwili.

"Asante, mwanangu. Wengine wangenionea huruma wanidanganye. Nimeshamwambia arudi."

Nikasema, "Sawa, mama." Hivyo tu. Nikarudi kazini.

Wiki tatu baadaye maziwa yaliletwa na kijana mrefu mwenye gambuti na kofia ya sufu, ile ya marvin. Aliweka debe chini akasimama mlangoni, kwa sababu resi ilikuwa imeanza. Gari ya Kibii ilikuwa imepewa dereva mwingine, mtu aliyekuwa ameshinda mara mbili mwaka uliopita. Tairi za nyuma zikaisha. Akamaliza wa mwisho.

"Si niliwaambia ni gari?" Muturi akapiga meza. "Tulimfuta kijana wa watu bure."

"Si mimi," Jamleck akasema. "Ni darasa la nane alimfuta."

Nikamtazama yule wa mlangoni. Naye alikuwa ananitazama. Nikamfuata nje.

"Ni wewe Wamuyu?" akauliza. "Mama alisema kuna mtu mmoja hapa huangalia vizuri."

"Ulikuwa unakanyaga breki baada ya wote," nikasema. "Kila resi. Niliona."

"Uliona lini?"

"Tangu resi ya pili."

"Kabla ya ile kura."

"Kabla."

Nilingoja anitukane, hakunitukana. Aliokota debe la jana akalitikisa kuona kama limekauka. "Kuna timu ingine imenipigia. Wanataka jibu kesho. Mama amekataa. Anasema alimsikia mtu asiye na maneno mengi akisema ukweli. Mimi nikimweleza anaona najitetea."

Ndani Jamleck alikuwa anaita chai. Nilivua aproni nikaitundika kwa msumari wa mlango, nikamwacha akiita.

Tulitembea, Kibii mbele na debe, mimi nyuma. Nilikuwa nayarudia maneno ambayo yangetosha tangu ile Jumatatu: mama, nilikudanganya ili watu wacheke. Lango lilikuwa wazi. Jepkorir alikuwa amechuchumaa akikamua ng'ombe, mgongo wake kwetu. Aliposikia viatu alitupia jicho nyuma akasema, "Wamuyu, karibu. Keti, nimalizie huyu."

Sikuketi.