Mashine ya Kufulia Mashuka ya Mama

Mama alipopigwa na kiharusi, watoto wake watatu walikaa kikao, na kama ilivyo kwa vikao vingi vya ndugu, mzigo ukamwangukia yule asiyekuwa na mume wala cheo. Huyo alikuwa kitinda mimba, ambaye tangu utotoni watu walimwita Mwisho. Alikuwa fundi cherehani mwenye kibanda chake na wateja wake. Alikifunga kibanda, akaipakia cherehani kwenye mkokoteni, akaja kuiweka sebuleni kwa Mama, kando ya pazia la chumba cha mgonjwa, ili ashone huku sikio liko kitandani.

Kaka Mkubwa alikuwa meneja mahali fulani, mtu wa tai na maneno ya kupanga. Dada wa kati, Mama Pacha, alikaa mji uleule, lakini kumwona ilikuwa kama kusubiri mwezi uandame. Wote wawili walimpenda mama yao. Hilo Mwisho hakulibisha. Ila walimpenda kwa simu.

Kushona na kuuguza kungewezekana, lau si mashuka. Mama alikuwa amepooza upande mmoja na mkojo hakuuweza tena. Nepi za wakubwa zilimchubua mapaja hadi akalia, wakaziacha. Basi ikawa ni mashuka, kanga, na lile blanketi zito linalokunywa maji kama ngamia. Na maji yenyewe! Bomba la mtaa ule lilikuwa likikohoa hewa siku nyingi kuliko lilivyotoa maji. Yakija, Mwisho hujaza mapipa uani. Yasipokuja, anabeba ndoo kutoka kisimani kwa jirani, pamoja na shukrani za kujilazimisha.

Mikono ikaanza kumharibika. Sabuni ilimpasua vidole, na nyufa zile zikawa zinakwaruza vitambaa. Siku moja alipokuwa anatia bitana kwenye gauni la harusi, kidole kikanasa hariri na kuivuta uzi mrefu kifuani. Bibi harusi alilia, mama yake akafoka, na Mwisho akalazimika kununua kitambaa kingine.

Ndipo alipokwenda dukani kuiona mashine ya kufulia. Ilikuwa nyeupe, mlango wake wa kioo uko mbele kama jicho. Muuzaji akamweleza kwamba ngoma yake inalala, nguo zinajigeuza ndani ya maji kidogo tu, hata nusu ya yale ya mashine za kawaida hayafiki. Pipa likiinuliwa juu kidogo, maji yanashuka yenyewe kwenye mpira. Mwisho aliinama, akaingiza mkono ndani, akaipapasa ile ngoma ya chuma. Bei aliiona. Peke yake asingeiweza, lakini kwa watatu haikuwa kitu cha kukosesha usingizi.

Akampigia Kaka Mkubwa.

"Mashine inayookoa maji!" Kaka akacheka. "Mdogo wangu, hao ni wafanyabiashara. Kesho watakuuzia jiko linalookoa njaa."

"Kaka, mimi nimeiona. Maji yamenifika shingoni huku."

"Sijakataa. Nasema tuchunguze kwanza. Haraka haraka haina baraka."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo, Kaka."

Uchunguzi ukaanza. Kaka alituma picha za mashine nyingine, akauliza habari za umeme, akauliza vipuri vinapatikana wapi. Mama Pacha yeye alitaka kujua jambo moja tu: "Baadaye itakuwa ya nani?" Hakusema baadaye ya nini. Mwisho alielewa, akameza mate yake machungu.

Jumapili moja wakakutana wote nyumbani kwa Mama. Walimsalimu, wakambusu paji la uso, kisha wakakaa sebuleni, hatua chache kutoka lile pazia.

"Mimi pacha wangu niliwafulia kwa mkono," alisema Mama Pacha. "Wawili, na wote wanaharisha. Sikudai mashine."

"Wako walikua, Dada," Mwisho akajibu. "Huyu hakui."

"Tusigombane," alisema Kaka. "Tuzungumze kwa hesabu. Kwani kufua kwenyewe ni kwingi kiasi hicho? Isije ikawa tunanunua gari la kwendea chooni."

Dada akacheka. Kicheko kile ndicho kilichomtoa Mwisho kwenye kiti. Alinyoosha mikono yake mbele ya nyuso zao, mikono iliyopasuka na kuota magamba, na sauti ikamtoka kubwa kuliko alivyotaka:

"Mnataka hesabu? Maji yote ya nyumba hii yanaishia kwenye mashuka ya Mama! Mimi siogi vizuri, sipiki vizuri, sishoni! Kazi yangu hapa duniani ni kufua mkojo!"

Nyuma ya pazia, kitanda kililia mara moja, kama mtu anayejigeuza kutazama ukuta. Kaka alitazama saa yake, akasema jambo hilo watalimaliza mwezi ujao.

Jioni ile Mwisho alimpelekea Mama uji. Alitaka kusema samahani, lakini samahani ingekuwa kukiri kwamba Mama amesikia. Mama naye alitabasamu kwa ule upande wa uso uliobaki hai.

"Weka hapo, mwanangu. Nitakunywa mwenyewe. Mkono huu mmoja bado unaniheshimu."

Tangu siku hiyo mashuka yakaanza kupungua. Mwisho aliamka asubuhi, akapapasa chini ya Mama, akakuta pakavu. Mchana, pakavu. Mara ya kwanza alidhani amekosea. Baada ya siku kadhaa alianza kuimba akiwa kwenye cherehani. Alimwekea Mama kikombe cha maji dirishani, karibu na ule mkono mzima, akirudi anakikuta kitupu. Akimuuliza kama aongeze, jibu lilikuwa lilelile: "Sina kiu, mwanangu. Nimekunywa, nimeshiba."

Akampigia Kaka kumpa habari njema: Mama anapata nafuu, sasa anaweza kujizuia.

"Unaona?" alisema Kaka. "Tungekurupuka tungekuwa na mashine ya pambo. Basi hilo tulifunge."

"Tulifunge," Mwisho akakubali, na kusema kweli alikubali kwa moyo mweupe. Vidole vyake vilikuwa vimeanza kushika hariri bila kuikwaruza.

Midomo ya Mama ilikauka, Mwisho akadhani ni upepo. Mama akaanza kulala mchana kutwa, akadhani ni kupumzika. Asubuhi moja Mama alipomwita kwa jina la dada yake mwenyewe aliyekufa zamani, macho yamezama ndani kama mawe kwenye shimo, ndipo Mwisho aliposhtuka. Aliita majirani. Wakati wanavuta kitanda kumtoa, Mwisho aliona kizingiti cha dirisha. Kilikuwa na michirizi ya uji iliyokauka, tabaka juu ya tabaka. Akachungulia nje. Ardhi yote ya uani ilikuwa imepasuka kwa ukame, ila chini ya dirisha lile majani yalikuwa yameota, mabichi, yamenawiri.

Hospitalini daktari alibana ngozi ya mkono wa Mama, ikabaki imesimama.

"Huyu anakunywa maji kiasi gani kwa siku?"

"Kikombe nilikikuta kitupu kila mara," Mwisho alisema.

"Mwili umekauka," daktari alisema. "Na figo zimechoka sana. Tutajitahidi."

Wakamtundikia maji ya mshipa. Mchana Mama akapata fahamu kidogo. Mkono wake mzima ukatambaa juu ya shuka, ukaupata wa Mwisho, ukaupapasa kidole kimoja kimoja, polepole, kama mtu anayechagua kitambaa.

"Imepona kidogo," alisema.

"Mama, kwa nini? Kwa nini ulinifanyia hivi?"

"Nilitaka nikupunguzie."

Mwisho aliweka kichwa kitandani, akalia mpaka muuguzi akaja kumwondoa. Mama hakuzungumza tena. Kesho yake akafariki.

Nyumba ikajaa watu. Waliotoka mbali walilala mpaka jikoni, na mashuka yakawa mlima. Kaka Mkubwa aliutazama ule mlima, akatoka na gari asubuhi, na kabla ya chakula cha mchana akarudi na boksi kubwa. Mashine nyeupe, mlango wa kioo. Hakuuliza habari za vipuri. Fundi bomba akaitwa, pipa likainuliwa juu ya matofali, na waombolezaji wakasogea kuitazama ikizungusha mashuka.

"Huyu ndiye mtoto wa kiume," bibi mmoja alisema. "Mama yake amezaa."

Siku ya kumaliza matanga, wageni walipokuwa wanaaga, shangazi yao mmoja aliuliza kwa upole ni nini hasa kilichomuua wifi yake.

"Presha, Shangazi," Kaka akajibu. "Na ule ugonjwa wake wa siku nyingi."

"Mama amekufa kwa kiu," alisema Mwisho.

Alisema bila kupaza sauti. Akawaeleza yote, kuanzia Jumapili ile: nani alisema nini, nani alicheka, na yeye mwenyewe alipiga kelele gani. Hakujitoa. Shangazi alishika kinywa. Mama Pacha aliinama akaangalia viatu vyake.

Kaka ndiye aliyeanza kusema. "Una uchungu, mdogo wangu, na mwenye uchungu hasemi, husemeshwa. Maneno hayo usiyarudie mbele za watu." Kisha, kama mtu anayefunika sufuria, "Mashine hii nakuachia wewe. Umeteseka sana. Mama angefurahi."

"Iondoe."

"Usiwe hivyo."

"Iondoe, Kaka. Sitalala nayo nyumba moja."

Wakatazamana. Mama Pacha akakohoa kidogo. "Kama kweli huitaki," alisema, bado anaangalia chini, "mimi naweza kuichukua. Siyo kwa ubaya. Nguo za wale watoto zinanimaliza."

Vijana wanne waliibeba mpaka kwenye gari, Kaka akiwaelekeza wasikwaruze kioo, na Dada akapanda mbele, mkoba wake mapajani.

Mwisho aliirudisha cherehani kibandani, na wateja wake wakarudi mmoja mmoja. Ndugu zake wakipiga simu hupokea. Wakimsalimu huitikia, wakiuliza kazi huwaambia inaendelea. Kaka amekwisha kumuuliza mara nyingi ana kinyongo gani, na kila mara Mwisho humwambia ana mteja, akakata simu.